Kupanga Bila Kuchagua

Msemo wa "mambo mengi, muda mchache", ambao husikika ofisini, sokoni na hata mimbarini kila mtu anapotaka kukatisha mazungumzo au kuomba radhi kwa ahadi iliyomshinda, huchukuliwa kwa kawaida kuwa malalamiko juu ya kasoro inayoweza kurekebishwa: kwamba kama msemaji angeamka mapema zaidi, angeipanga ratiba yake kwa uangalifu zaidi, au angepata simu yenye programu bora ya kumkumbusha majukumu yake, basi mambo yote yangeenea ndani ya siku. Hoja inayojengwa hapa ni kinyume cha hiyo. Msemo huo ni maelezo sahihi ya hali ya binadamu wote, wala si dosari ya mtu mmoja mmoja. Mambo yanayostahili kufanywa yatabaki kuwa mengi kuliko siku za kuyafanya hata kwa mwenye nidhamu kuliko wenzake wote, na jitihada ya kuziba pengo hilo kwa kuongeza kasi, badala ya kukubali kwamba mengine yataachwa, inawachosha watu wengi wa kizazi hiki kuliko kazi zenyewe zinavyowachosha.

Kiini cha jitihada hiyo ni dhana ya tija, yaani uwiano kati ya kinachozalishwa na nguvu, mali au muda uliotumika kukizalisha. Mkulima anayepata magunia ishirini ya mahindi katika ekari moja ana tija kubwa kuliko jirani yake anayepata manane kwa jasho lile lile, na hakuna anayeweza kumlaumu kwa hilo. Kipimo hiki kilibuniwa kwa ajili ya mashamba, mashine na viwanda, na huko kina manufaa yake; tatizo huanza pale kinapoondolewa kwenye kazi na kupachikwa kwa mtu, hivi kwamba saa isiyotoa kitu cha kuhesabika huonekana imepotea, na aliyepumzika hujiona ana deni la kujieleza.

Namna kipimo hicho kilivyohama ina historia inayojulikana. Frederick Winslow Taylor, mhandisi wa Kimarekani aliyezaliwa Philadelphia mwaka 1856, alianza katika kiwanda cha chuma cha Midvale utaratibu wa kuigawa kazi ya mikono katika vitendo vidogo vidogo na kupima kila kitendo kwa saa ya kuhesabia sekunde, ili ijulikane ni mwendo upi usio na faida na ni muda gani hasa fundi anapaswa kuutumia. Baadaye, katika kiwanda cha Bethlehem, alidai kwamba wanaume waliokuwa wakipakia mabehewani vipande vya chuma ghafi kwa kiasi cha tani 12 na nusu kwa siku kila mmoja waliweza kufikishwa tani 47 na nusu kwa kufuata maelekezo yake na kuongezewa ujira, na simulizi hilo akalieneza katika kitabu chake cha mwaka 1911 kuhusu kanuni za usimamizi wa kisayansi, ingawa wanahistoria waliochunguza kumbukumbu za kiwanda hicho wameonyesha kwamba lilitiwa chumvi nyingi. Mwaka huo huo wa 1911, mafundi wa kusubu chuma katika karakana ya silaha ya serikali huko Watertown, jimbo la Massachusetts, waligoma kwa sababu ya saa hiyo. Bunge la Marekani likaunda kamati ya uchunguzi, na kufikia mwaka 1915 likazuia fedha za umma kutumika kuwapima kwa saa wafanyakazi wa karakana za silaha za serikali. Mafundi wale walielewa jambo ambalo wengi wamelisahau, kwamba dakika inayookolewa na fundi hairudi kwa fundi: hupangiwa kazi nyingine kabla hata hajavuta pumzi.

Tofauti kati ya mafundi wa Watertown na mfanyakazi wa leo wa Nairobi, Dar es Salaam au Kigali ni kwamba saa ile sasa ameishika mwenyewe. Semina za hamasa humfundisha kuamka saa kumi alfajiri, vitabu vya kujiendeleza humwonyesha jinsi ya kusikiliza mafundisho huku akipika, na sifa kubwa anayoweza kupewa kijana mjini ni kuitwa mpambanaji, yaani mtu asiyelala wala kuridhika. Siasa nayo imechangia, kwa nia ambayo haikuwa mbaya: nchini Tanzania, chama cha TANU kilikuwa na kaulimbiu ya Uhuru na Kazi, na mwaka 2015 Rais John Magufuli aliingia madarakani kwa kaulimbiu ya Hapa Kazi Tu. Nchi inayojenga barabara, shule na zahanati zake karibu kutoka mwanzo ina haki ya kuwaomba wananchi wake bidii. Hata hivyo, kaulimbiu iliyokusudiwa kulikemea shirika zembe la umma ikiingia moyoni mwa mtu na kuwa ndiyo sheria ya maisha yake yote, humfanya aone kumtembelea shangazi yake mgonjwa kuwa ni pengo katika kazi.

Pwani ya Afrika Mashariki ilipitia mapambano ya aina hii kwa uwazi mkubwa, na mahali pa kuyaona vizuri ni bandari ya Kilindini, Mombasa, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Wengi wa wapakiaji na wapakuaji wa meli walikuwa vibarua walioajiriwa kwa siku: mtu alifika asubuhi, akachukuliwa au akakosa, akafanya kazi, akalipwa, na kesho yake alikuwa huru kurudi au kutorudi. Palikuwa na waliofanya kazi siku kadhaa za mwezi, wakapata fedha za kodi na mahitaji, kisha wakaenda kulima mashamba yao ng'ambo ya kisiwa au kushughulikia biashara ndogo na mambo ya familia. Kwa maofisa wa kikoloni na kampuni za meli utaratibu huo ulikuwa kero ya kudumu, na katika taarifa zao walizoea kuuita uvivu. Uliwatia pia hofu, kwa kuwa kibarua asiye na ajira ya kudumu hakuwa na mengi ya kupoteza kwa kugoma. Migomo ya mwaka 1939 na hasa mgomo mkuu wa Januari 1947, uliozisimamisha bandari, reli na hoteli kwa siku kadhaa, iliwathibitishia kwamba mji mzima ulitegemea watu ambao muda wao haukuwa umenunuliwa moja kwa moja. Katika miaka iliyofuata vibarua waliandikishwa, wakawekewa idadi ya chini ya siku za kufika kazini kila mwezi, walioshindwa kuifikia wakafutwa, na hatimaye kazi ya bandari ikawa ajira ya watu wachache wa kudumu. Mwanahistoria Frederick Cooper, aliyeitafiti bandari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1987, anaonyesha kwamba mishahara ilikuwa sehemu tu ya mvutano huo, kwa maana suala la nani mwenye siku za mfanyakazi lilikuwa na uzito usiopungua ule wa ujira.

Katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro mvutano uo huo ulipita kwa njia ya kipande, kadi yenye nafasi za siku thelathini ambazo zilitiwa alama moja baada ya nyingine, na ujira ukalipwa zilipotimia. Kwa kuwa siku hizo hazikulazimika kufuatana, mfanyakazi aliweza kujipatia mapumziko kati ya alama na alama, na wenye mashamba hawakuacha kulalamikia jambo hilo.

Haifai kuusifu ukibarua kupita kiasi. Aliyeugua hakulipwa, mzee hakuwa na kiinua mgongo, na ajira ya kudumu ilipokuja ilileta likizo, mishahara mizuri zaidi na vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu. Kinachofaa kuchukuliwa kutoka Kilindini ni hesabu waliyoifanya watu wale. Walijua thamani ya siku moja, walijua bei yake sokoni, na walijua kiwango ambacho kikishafikiwa siku inayofuata ina faida zaidi ikitumiwa shambani au nyumbani kuliko melini. Hao hawakuwa watu wasioufahamu muda. Walikuwa na kipimo cha kutosheka, na kipimo hicho ndicho kilichovunjwa.

Kwa sababu hiyo inafaa kuikataa mapema njia moja ya mkato, ile ya kudai kwamba Mwafrika kwa asili yake ana muda wa namna nyingine na hivyo hahitaji kufunzwa subira. Mwanateolojia wa Kenya John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alitumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kueleza kwamba fikra za jadi zilikuwa na wakati uliopita mrefu na wakati uliopo mpana, lakini karibu hazikuwa na wakati ujao wa mbali. Nadharia hiyo ilipingwa na wanafalsafa wengine wa Kiafrika, akiwamo Kwame Gyekye wa Ghana, na ni vigumu kuipatanisha na wazee wanaopanda minazi na miembe itakayozaa vizuri mikononi mwa wajukuu. Ubaya wa njia hiyo ya mkato ni kwamba hugeuzwa haraka kuwa kibali cha kuchelewa. Mgeni rasmi anayewasili saa tatu baada ya muda uliotangazwa, huku watoto wa shule wakiwa wamesimama juani, hajafanya amani na muda. Ametumia muda wa wengine bila idhini yao, na anayeamini kweli kwamba siku za binadamu ni chache angekuwa wa kwanza kuona uzito wa kosa hilo.

Njia nyingine ya mkato, inayopendwa zaidi leo, ni matumaini kwamba zana mpya zitamaliza tatizo. Mwaka 1930 mwanauchumi wa Uingereza John Maynard Keynes alitabiri kwamba ndani ya miaka mia moja nchi zilizoendelea zingekuwa na utajiri kiasi kwamba saa kumi na tano za kazi kwa wiki zingetosha. Sehemu ya utajiri katika utabiri huo imetimia kwa kiasi kikubwa, lakini ile ya saa haijatimia, na mwaka 2030 uko mlangoni. Sababu mojawapo ilikuwa imeshaelezwa katika jambo tofauti kabisa na William Stanley Jevons, aliyeandika mwaka 1865 kwamba kila injini za mvuke zilipoboreshwa ili zile makaa machache zaidi, Uingereza ilizidi kuchoma makaa, kwa kuwa unafuu wa matumizi ulizaa matumizi mapya. Mwanahistoria Ruth Schwartz Cowan aliona mwelekeo wa namna hiyo majumbani: katika kitabu chake cha mwaka 1983 alieleza jinsi mashine za kufulia na majiko ya kisasa yalivyoingia katika nyumba za Marekani bila kupunguza saa za kazi za akina mama, kwani nguo zilianza kufuliwa mara nyingi zaidi, kiwango cha usafi kinachotarajiwa kikapanda, na wasaidizi wa zamani, yaani dobi, mtumishi na hata watoto, wakaondoka, mama akabaki peke yake na mashine.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana mfano wa karibu zaidi. Kabla ya M-Pesa kuanzishwa nchini Kenya mwezi Machi 2007, fedha za kumtumia mzazi kijijini zilipelekwa kwa mkono wa dereva wa basi, kwa hawala ya posta au kwa jamaa anayesafiri, na huenda zikachukua siku kadhaa kufika. Huduma hiyo iliyafanya masafa hayo kuwa ya sekunde chache, na hakuna anayetamani kurudi nyuma, hasa aliyewahi kupelekewa fedha za matibabu usiku wa manane. Lakini muda uliookolewa haukubaki mfukoni mwa mtumaji. Ombi nalo husafiri kwa kasi ile ile. Kamati ya harusi, ya msiba, ya karo na ya ujenzi wa msikiti au kanisa, kila moja ikiwa na kundi lake la simu na orodha ya waliotoa na wasiotoa, humfikia mtu akiwa kazini, mezani na kitandani, na kila jibu huzaa ujumbe mwingine unaongoja jibu. Aliyekuwa akilaumiwa kwa kutokuandika barua miezi mitatu sasa hulaumiwa kwa kuonekana amesoma ujumbe na kunyamaza saa mbili.

Hapa kuna pingamizi zito ambalo mwandishi yeyote wa mada hii katika ukanda huu anapaswa kulijibu kwa uaminifu, nalo ni kwamba mahubiri ya kutosheka na muda mchache ni anasa ya walioshiba. Mtafiti Clair Vickery aliandika mwaka 1977 juu ya umaskini wa muda, yaani hali ya kaya ambayo huenda ina kipato cha kuvuka mstari wa umaskini lakini haina saa za kutosha za kupika, kulea na kupumzika baada ya kukitafuta. Miaka kumi kabla yake, Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limesema wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko watu wengine wote Tanzania, wakati mwingine saa 12 au 14 kwa siku, bila kuacha Jumapili wala sikukuu, na likawauliza wanaume wa vijijini wanatumia saa ngapi na wiki ngapi za mwaka kufanya kazi. Kumhubiria utulivu mwanamke anayefuata maji kabla ya jua kuchomoza, akarudi kutwanga, akaenda shambani akiwa na mtoto mgongoni, ni dhuluma, na anachohitaji ni bomba, mashine ya kusaga na mume anayeshika jembe.

Pingamizi hilo haliivunji hoja. Huisaidia ipate mpaka wake. Bomba la maji lina mwisho: likishafika uani, safari ya kisimani imekwisha, na saa mbili zilizopatikana zinajulikana ni za nani. Mashine ya kusaga haimletei mwanamke mahindi mengine ya kusaga kwa sababu tu amemaliza mapema. Kasi ya ofisini na ya simu haina mwisho wa namna hiyo, kwa kuwa kila kinachomalizwa humfanya mmalizaji kuwa mtu wa kuongezewa. Basi swali la kuulizwa kabla ya kusifu au kulaani ongezeko lolote la tija ni iwapo muda unaookolewa una mwenyewe, na iwapo kazi inayofupishwa ni kazi inayokwisha. Kwa kipimo hicho, serikali zetu bado zina mengi ya kuharakisha vijijini, huku watumishi wake wa mjini wakiwa na mengi ya kuacha.

Kuacha, hata hivyo, kunahitaji adabu yake, na adabu hiyo wakazi wa pwani waliifahamu kwa karne nyingi kupitia pepo za msimu. Majahazi kutoka Oman, Ghuba, Hadhramaut na India yalishuka hadi Lamu, Mombasa, Zanzibar na Kilwa kwa upepo wa kaskazi, unaovuma takriban kuanzia Novemba hadi Machi, na yakarudi kwa kusi inayofuata. Kati ya Juni na Julai kusi huwa kali kiasi kwamba vyombo vingi vilivutwa ufuoni. Nahodha aliyekawia kufunga biashara yake mpaka kusi ikapita hakuwa na hila ya kuifidia, isipokuwa kungoja mwaka mwingine. Kwa hiyo kila safari ilianza na uamuzi wa bandari zipi zitaachwa, kwani aliyetaka kuzifikia zote alikosa upepo wa kurudi. Miezi ya kungoja haikuwa mitupu pia: vyombo vilitiwa kalafati na kupakwa deheni, madeni yakalipwa, watu wakaoana, na kwa kukaa kwao wageni wakawa wenyeji. Mpaka uliokuwa nje ya uwezo wa mtu ulimlazimisha kuchagua, na kwa kuwa uliwabana wote sawasawa haukumfanya yeyote ajione mzembe.

Mpaka wa namna hiyo haupo tena katika maisha ya mjini yenye umeme na intaneti saa zote, na kwa hiyo lazima uwekwe na watu wenyewe. Mwalimu Julius Nyerere, alipowasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano mwezi Mei 1969, aliipa hotuba yake jina ambalo limekuwa kauli ya taifa: Kupanga ni Kuchagua. Alikuwa akizungumzia bajeti, ambapo nchi yenye shilingi chache na mahitaji mengi hailazimiki kuchagua kati ya mema na mabaya, jambo ambalo lingekuwa jepesi, bali kati ya mema na mema mengine, na lazima iwe na ujasiri wa kuwaambia watu wenye haja ya kweli kwamba haja yao itangoja. Hakuna sababu ya kuiacha kauli hiyo wizarani. Ratiba ya mtu ni bajeti iliyo ngumu zaidi, kwa maana siku haikopesheki wala haiwekwi akiba, na mipango mingi ya kibinafsi inayochorwa leo katika daftari na simu ni kupanga bila kuchagua: kila kitu kimeandikwa, kila kitu kimepewa rangi na kengele, na hakuna kilichokatwa.

Hesabu yenyewe si ya kificho. Mtu atakayejaliwa miaka 65 ana wiki zipatazo 3,390 kwa jumla, na akilala saa nane kila usiku, theluthi ya hizo inaondoka. Mwanafalsafa Seneca, katika andiko la karibu mwaka 49 alilomwelekezea Paulinus, ofisa aliyesimamia chakula cha mji wa Roma, alishikilia kwamba maisha si mafupi ila watu huyapoteza, na hoja yake imekuwa ikirudiwa na walimu wa matumizi ya muda mpaka leo. Kwa heshima zote, hoja hiyo ina kasoro. Mama aliyelea watoto, akauguza wazazi, akafundisha darasa la kwanza miaka thelathini, hufariki akiwa na mengi ambayo hakuyafikia, ingawa hakupoteza kitu. Maisha yake yalikuwa mafupi kwa sababu maisha ni mafupi. Kumwambia aliyebaki kwamba angeweza kufanya yote kama angejipanga ni kumtwika hatia isiyo yake, na hatia hiyo, kuliko uchovu, ndiyo inayomfanya ashindwe kukaa na watoto wake jioni bila kushika simu.

Dini kuu za ukanda huu zinafahamu jambo hili. Muumini wa Kiislamu husimamishwa mara tano kwa siku, naye Mkristo hupumzika siku moja kati ya saba, na katika hali zote mbili kazi hukatizwa kwa sababu wakati umefika, iwe imekwisha au haijakwisha. Huo ndio msingi wa mapumziko yoyote yenye maana. Anayeahidi kupumzika atakapomaliza hatapumzika, kwa kuwa orodha haimaliziki.

Zipo pia kazi ambazo hazikubali kasi, na heshima ya jamii hupimwa kwa jinsi inavyozitunza. Wanauchumi William Baumol na William Bowen walieleza mwaka 1966, wakitumia mfano wa wanamuziki wanne wenye zeze zao, kwamba kipande cha muziki kilichohitaji watu wanne na muda fulani karne mbili zilizopita bado kinahitaji watu wanne na muda ule ule, ilhali viwandani bidhaa moja hutengenezwa kwa sehemu ndogo tu ya jasho la zamani. Kwa hiyo kazi za namna hiyo huonekana ghali zaidi kila mwaka bila kosa lolote la wanaozifanya. Mwalimu anayemsikiliza mtoto akisoma silabi, muuguzi anayemgeuza mgonjwa kitandani, maalimu anayesahihisha matamshi ya aya na fundi anayemwonyesha mwanagenzi jinsi ya kushika randa wote wako katika kundi hilo, na hali kadhalika wanaokaa matangani. Rambirambi inaweza kutumwa kwa simu kwa dakika moja, na huo ni msaada wa kweli, ila kukaa jamvini na mfiwa kunachukua muda kunaouchukua, na mfiwa hukumbuka ni nani aliyekaa. Aliyezoea kujipima kwa tija atazipunguza saa hizi kwanza, kwa kuwa hazina alama inayoonekana, na ndizo za mwisho kupaswa kupunguzwa.

Chaguo hili haliwezi kuachiwa mtu mmoja mmoja pekee, maana mfanyakazi anayefunga simu yake saa kumi na mbili jioni huku wenzake wakijibu mpaka saa sita usiku atahesabiwa kuwa hana moyo. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, ulihusu saa nane kwa siku na 48 kwa wiki viwandani; Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 iliweka ukomo wa kawaida wa saa 45 kwa wiki. Sheria hizo zilitungwa wakati kazi ilikuwa na lango la kutokea, na ujumbe wa mkubwa wa kazi unaoingia saa nne usiku haujulikani unaandikwa katika saa zipi. Ufaransa, kuanzia Januari 2017, iliyataka makampuni yenye wafanyakazi 50 na zaidi kujadiliana nao juu ya haki ya kutopatikana nje ya saa za kazi, na suala hilo linafaa kufikishwa katika mabunge ya Dodoma na Nairobi na katika mabaraza ya wafanyakazi, ambako lingepata mashahidi wengi.

Wakati sheria ya haki hiyo ikingojwa, lipo jambo ambalo kila wizara, benki, shule na gazeti linaweza kulianza bila gharama yoyote. Kila agizo jipya linalotolewa kwa mfanyakazi au idara, iwe ni ripoti ya ziada, kikao kipya cha kila Jumatatu au fomu nyingine ya kujaza, liandikwe likiwa limetaja kwa jina kazi iliyopo ambayo itaachwa ili hiyo mpya ipate nafasi, na mkubwa asiyeweza kuitaja hajawa tayari kutoa agizo hilo. Mwalimu mkuu anayetaka takwimu mpya za mahudhurio aseme ni takwimu zipi hazitakusanywa tena. Daktari wa mkoa anayetaka wauguzi wajaze rejista ya tatu aseme ni ipi kati ya mbili za mwanzo itafungwa, au akubali kwa maandishi kwamba dakika hizo zitatoka kwa wagonjwa.